SAFU YA LUGHA: Kathodi

Wengi walikariri shuleni kwamba kathodi ni ncha hasi, na vitabu vya mitihani haviwasaidii. Neno lenyewe halitaji chaji. Michael Faraday alilichapisha mwaka 1834, baada ya kushauriana na William Whewell wa Cambridge, kutoka Kigiriki: njia ya kushukia. Leo hutaja elektrodi ambapo kemikali hupokea elektroni.

Katika elektrolisisi, inayosukumwa na umeme wa nje, kathodi kweli ni hasi. Seli inayozalisha umeme hugeuza mambo. Kwenye seli za fueli za vyombo vya anga vya Apollo, zilizotumia haidroksaidi ya potasiamu, oksijeni ilipokea elektroni kwenye kathodi, ikachukua maji na kuwa ioni za haidroksaidi. Na kathodi hiyo ilikuwa ncha chanya!

Elektrodi, basi, ni kifaa. Kathodi ni kazi yake. Metali ya elektrodi nayo ina usemi: ndani ya alkali, platini na fedha kwa kawaida huipa molekuli ya oksijeni elektroni nne, ilhali dhahabu mara nyingi huishia mbili, ikaacha peroksaidi.

Betri ikichajiwa, ncha chanya iliyokuwa kathodi huwa anodi, bila kuacha kuwa chanya.