Magurudumu Manne, Njia Nne

Wapo madereva wengi wanaoamini kwamba fowili ni nguvu tu: ukiiweka, gari linashika barabara vizuri zaidi popote pale. Imani hiyo naikuta hasa kwa vijana wenzangu wanaonunua pikapu ya kwanza mjini. Mvua ikianza kunyesha, mkono unakwenda kwenye 4H, na safari ya lami inaendelea. Ikifika kona kali ya kuingia nyumbani, usukani unakuwa mzito, gari linajivuta kana kwamba limeshikwa breki, tairi linaruka kwa kishindo. Fundi anapigiwa simu: gari limeharibika. Kumbe gari linafanya kile kile lililoundwa kufanya, na ukitaka kujua kwa nini, itabidi urudi nyuma karibu miaka 200.

Tuanze na kona yenyewe. Gari linapokata kona, kila gurudumu huchora duara lake. La nje husafiri mbali kuliko la ndani. Hilo wengi tunalijua. Tunalolisahau ni kwamba magurudumu ya mbele nayo husafiri mbali kuliko ya nyuma. Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Izungushe duara zima, katikati ya ekseli ya nyuma ikiwa mita 5 kutoka kitovu cha duara hilo. Nyuma itasafiri mita 31.4, mbele itasafiri takriban mita 36.6. Pengo ni zaidi ya mita 5, yaani mizunguko miwili ya tairi na ushee. Kwenye kona pana ya barabara kuu, ya mita 50 kutoka kitovu, pengo la duara zima halifiki hata mita moja. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda kilometa nyingi na fowili asihisi kitu, halafu akaumbuka getini.

Tatizo la gurudumu la nje na la ndani lilipata dawa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1820, fundi saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alibuni mpangilio wa meno kwa ajili ya gari la mvuke, ili magurudumu mawili ya ekseli moja yasukumwe na injini ile ile huku kila moja likizunguka kwa kasi yake. Ndiyo difu tunayoijua. Gari linalosukumwa kwa magurudumu manne lina difu mbele na nyingine nyuma. Lakini ili mbele na nyuma nazo zipishane kasi, inahitajika ya tatu, katikati.

Na ya tatu ilikuja mapema pia. Mwaka 1903 kampuni ya Spyker ya Uholanzi ilitengeneza gari la mashindano la magurudumu manne lenye difu ya katikati. Kwa nini basi wazo hilo halikuenea? Gharama ni sababu moja. Nyingine ni kasoro ya difu yenyewe: hupeleka mzunguko kule kwenye ukinzani mdogo. Gurudumu moja likiteleza kwenye tope, hilo linazunguka bure na mengine matatu yanatulia. Gari la matope haliwezi kukubali aibu hiyo bila kuwa na namna ya kuifunga difu ya kati.

Jeep ya vita, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1941 na kufikia zaidi ya magari laki sita, ilichukua njia fupi. Dereva alipewa wenzo wa kuunganisha ekseli ya mbele au kuiacha. Akiunganisha, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka kwa kasi moja. Pengo la kwenye kona linakwenda wapi? Linamezwa na ardhi. Kwenye tope, mchanga au changarawe, tairi huteleza kidogo na kulimaliza bila dereva kujua. Kazi ya difu ya tatu wabunifu waliikabidhi ardhi.

Land Rover ya mwaka 1948 ilijaribu njia ya kati. Magurudumu ya mbele yalisukumwa muda wote, lakini kupitia kifaa kilichoyaruhusu kuitangulia propela yanapozunguka kasi zaidi, kama pedeli ya baiskeli inavyoacha gurudumu liende. Kona ikawa nyepesi. Mtelemkoni, hata hivyo, magurudumu hayo hayakuzuiwa na injini, hivyo kukawa na pete sakafuni ya kuvuta ili kukifunga kifaa hicho. Mwaka 1950 mpango huo uliachwa, wenzo ukarudi.

Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyopita kwenye barabara zetu za udongo Afrika Mashariki, na udongo ulifanya kazi yake. Wakati huo huo watengenezaji waligawanyika. Range Rover mwaka 1970, kisha Land Rover One Ten mwaka 1983, zilipata difu ya katikati inayoweza kufungwa. Toyota ilibaki na njia ya Jeep: Hilux ya fowili mwaka 1979 na Land Cruiser 70 mwaka 1984 zilizifunga propela mbili moja kwa moja. Vipuri vichache, vya kuharibika vichache. Sharti lake ni moja: ardhi ikubali kuteleza.

Lami haikubali, hata ikiwa imelowa. Hapo pengo linabaki ndani ya chuma. Nilipokuwa mwanafunzi nilipanda mara nyingi pikapu ya dereva mmoja mzee iliyotuleta mjini wakati wa masika. Lami ilipoanzia, alisimama, akarudi nyuma hatua chache, ndipo akautoa wenzo.

“Shikamoo mzee. Mbona tunarudi tulikotoka?”

“Marahaba. Nalifungua, mwanangu. Chuma kimejisokota.”

Kisha alishuka kuzilegeza habu za mbele, akanawa mikono, tukaendelea.

Maneno yake ni fizikia kamili. Propela na ekseli zilizobeba pengo husokotwa, meno yanabanana, wenzo unagoma. Kurudi nyuma kidogo hulegeza. Kule kugoma kulikuwa onyo: mkono ulihisi mzigo kabla chuma hakijakatika. Pikapu nyingi za leo zina kitufe cha kuzungusha kwa vidole viwili, na kitufe hakina uzito. Taa ikipepesa kwenye dashibodi, ni wachache wanaoisoma. Bado wengi wetu tunaendesha magari yenye propela zilizofungwa, huku barabara chini yake zikiwekwa lami mwaka hadi mwaka. Ardhi iliyokuwa difu ya tatu inaondoka. Aliyebaki kuifanya kazi hiyo ni dereva, kwa kurudisha 2H lami inapoanza, kabla ya kona ya kwanza.