Saa ya Kutoka kwa Konokono: Mnyoo wa Kichocho na Wanyama Wanaoubeba

Mafunzo ya biolojia mara nyingi huwagawia minyoo wenyeji wao kana kwamba ni mgawanyo wa kudumu: huu wa ng'ombe, huu wa binadamu, huu wa panya. Mgawanyo huo ni mwepesi mno, na kwa kichocho una madhara.

Schistosoma mansoni, unaosababisha kichocho cha tumbo, hukulia kwanza ndani ya konokono wa maji baridi. Wiki kadhaa baadaye konokono huyo hutoa viluwiluwi vyenye mkia wa panda, kwa mamia na hata maelfu. Viluwiluwi hivi havili chochote. Huishi kwa akiba ya nguvu viliyotoka nayo, na uwezo wake wa kupenya ngozi hupungua saa chache tu baada ya kutoka. Kwa hiyo saa ya kutoka ndiyo inayoamua kizazi kiendelee au kife majini.

Mnyoo unaotegemea binadamu hutoka mchana jua likiwa kali, wakati watu wanafua, wanaoga na kuvua. Katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako panya weusi wa vinamasi ni wenyeji wakubwa, mtafiti André Théron alionyesha kwamba mnyoo wa aina hiyohiyo hutoka kuelekea jioni, panya wanapoanza kutembea. Dhofar, kusini mwa Oman, imegunduliwa jamii inayotoka usiku, na huko pia panya wamekutwa na maambukizi. Tusidhani kwamba kila mwenyeji mpya hudai saa mpya. Nyani wa Gombe, Tanzania, wamekutwa na mnyoo huu. Wao huamka na kulala kama sisi, hivyo saa ya mchana inawafikia bila badiliko lolote.

Je, si mwanga na joto tu vinavyoamua? Mwanga ni ishara, lakini namna ya kuiitikia hurithiwa. Minyoo ya mchana ilipozalishwa maabara na ile ya jioni, uzao wake ulitoka kwa saa za katikati. Mnyoo hauchagui. Viluwiluwi vinavyotoka wakati ambapo hakuna ngozi majini hufa, na vilivyobaki huwarithisha wazao saa yao. Hapa uteuzi wa asili unaonekana wazi kuliko katika mifano mingi tunayowapa wanafunzi.

Tofauti ya saa pia husaidia kutenganisha spishi. Magharibi mwa Kenya, Schistosoma rodhaini wa panya hutoka gizani huku S. mansoni ukitoka mchana, ingawa konokono wao ni wale wale. Hata hivyo, machotara wa spishi hizo mbili wamepatikana huko. Na mlipuko wa kichocho cha mkojo uliotokea kisiwani Corsica, Ufaransa, mwaka 2013 ulitokana na chotara wa mnyoo wa binadamu, S. haematobium, na ule wa mifugo, S. bovis.

Kugawa dawa ya prazikwanteli shuleni kumepunguza mateso ya watoto wengi, na kazi hiyo isisimame. Lakini pale ambapo panya, nyani au ng'ombe wanabeba mnyoo uleule au jamaa yake, kuwatibu watu peke yao hakuwezi kukata maambukizi. Wizara za afya na za mifugo zipime wanyama wa kandokando ya maji na konokono wake, usiku na mchana, kabla ya kutangaza kwamba eneo fulani limesafishwa.