Aina si Sehemu: Kuyataja Mashindano ya Baiskeli kwa Kiswahili

Mwaka 2020 Tour du Rwanda ilipokata msitu wa Nyungwe kutoka Huye hadi Rusizi, msikilizaji wa redio huko Gitambi angeweza kuifuata kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ingawa upande huu unaopakana na Bukavu hakikungoja sheria ndipo kizungumzwe. Maneno ya kutangazia baiskeli tunayo tele. Kinachotukwamisha ni kuchanganya aina ya mashindano na sehemu ya mashindano.

Kuteleza kwa madaha juu ya barafu, mchezo ulio mbali kabisa na Rusizi, kunaonyesha tofauti hiyo vizuri. Jozi na dansi ni aina mbili, japo katika zote mbili jicho linaona mwanamume na mwanamke. Kanuni ndizo zinazozitenga: katika jozi mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa na kumrusha, mambo ambayo dansi hairuhusu. Ndani ya kila aina kuna sehemu mbili. Wa jozi huanza na programu fupi, wakamalizia na programu huru. Wa dansi huanza na dansi ya mdundo, iliyoitwa dansi fupi hadi 2018, kisha dansi huru. Alama hujumlishwa. Aliyeongoza programu fupi bado hajawa bingwa.

Turudi kwenye baiskeli. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Waandishi wengi huita mbio za mtu mmoja mmoja “majaribio ya muda”. Tafsiri hiyo ni ya sisisi, na inapotosha, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili akiona “majaribio” hudhani mashindano yenyewe bado. “Mbio dhidi ya saa” inasema kinachoamua ushindi. Mwendeshaji hupanda jukwaa dogo, mtu akamshikia baiskeli kwa nyuma, sekunde zikahesabiwa, akateremka peke yake. Wala haruhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwingine. Huko Kigali, Remco Evenepoel alimkuta na kumpita Tadej Pogačar, aliyekuwa ameondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Katika mbio za kawaida za barabarani kupitwa ni kushuka nafasi moja, na pengine utairudisha kwenye kilima kinachofuata. Katika mbio dhidi ya saa, aliyepitwa namna ile ameshapoteza dakika mbili na nusu nzima. Mtangazaji asiyetaja aina ya mbio anamnyima msikilizaji nusu ya habari. Siku saba baadaye Pogačar alitwaa ubingwa wa mbio za barabarani, na hapakuwa na ukinzani wowote: zilikuwa aina mbili, zenye mabingwa wawili.

Ugumu hasa ni kwamba mbio zilezile dhidi ya saa zinaweza kuwa aina mahali pamoja na sehemu mahali pengine. Kigali 2025 zilikuwa na medali zake. Prologi iliyofungua Tour du Rwanda ya 2015 nayo ilikuwa mbio fupi dhidi ya saa, lakini Jean Bosco Nsengimana alipoishinda alipata jezi ya njano ya kuanzia, si taji. Taji alilipata mwishoni, muda wa siku zote ulipojumlishwa. Ndiyo sababu sioni ubaya wa neno “etapu” kwa kipande cha siku moja. “Hatua” ni Kiswahili safi, ila wanasoka wameshaizoesha kwa hatua ya makundi na hatua ya mtoano, ambako anayeshindwa hufungasha virago. Aliyeshindwa etapu kesho yuko barabarani tena.

Kuna jina moja linalonisumbua: mbio za timu mchanganyiko. Wanaume watatu hukimbia kwanza, na mwanamume wa pili wa timu akikata mstari, wanawake watatu huachiwa waondoke. Kuziita “mbio za kupokezana” kunamfanya msomaji atafute kijiti, na hakuna kinachopokezwa isipokuwa saa, ambayo haikusimama. Ningeziita “mbio za timu mchanganyiko dhidi ya saa”. Jina ni refu, nakubali, na mtangazaji mwenye haraka atalikata. Akilikata, na akate “mchanganyiko” kabla ya “saa”.