Dhahabu ya Kakamega na Michezo ya Kompyuta

Msomaji kijana, ardhi ya Kakamega iliwahi kutikisa Kenya nzima kwa dhahabu, na habari ya dhahabu hiyo yafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi atamaniye kupata riziki yake katika michezo ya kompyuta. Mambo haya mawili huonekana kuwa mbali kama mbingu na nchi, lakini swali lake ni moja: utajiri unapotokea, ni nani afaidikaye nao?

Katika mwaka wa 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Muda si muda Wazungu kwa mamia walifika na mahema na sururu zao. Sheria ya mwaka wa 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ingekuwa yao daima, na kwamba kipande kikitwaliwa kingine kingetolewa badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, hata ardhi ya machimbo ikaweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone; walakini katika machimbo hayo mwenyeji alipata ujira wa kuchimba, na vibali, mitambo na elimu ya madini vilikaa mikononi mwa mgeni. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952. Jina lake limebaki mahali hapo hata leo. Mali yake ilikwenda kwingine.

Sasa tutazame michezo. Mnamo Oktoba 1972 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walishindana katika Spacewar, mchezo wa vita vya vyombo vya angani. Tuzo ilikuwa kupelekewa gazeti la Rolling Stone kwa mwaka mmoja. Mwaka wa 2023, katika Michezo ya Asia mjini Hangzhou, China, washindi wa michezo ya kompyuta walivishwa nishani kama wakimbiaji. Na mwaka wa 2024 mashindano ya Riyadh yalitoa tuzo za dola milioni 60. Hivyo ndivyo mchezo ulivyogeuka kazi. Lakini angalia jambo moja: vijana wale wa Stanford hawakuwa na uwezo wa kununua kompyuta ya siku zile. Chuo ndicho kilichowafungulia mlango.

Kenya nayo ina mifano yake. Mwaka wa 2018 Sylvia Gathoni, mwanafunzi wa sheria, alitia saini mkataba na timu ya Marekani iitwayo UYU ili acheze Tekken 7. Kabla yake, mwaka wa 2007, Wesley Kirinya alitoa mchezo alioutunga mwenyewe, na shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika aitwaye Nyangi. Mwaka wa 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, kampuni itungayo michezo na hadithi za picha. Gathoni ni mchezaji, Kirinya ni mtungaji. Wanaoishi kwa kushinda ni wachache mno, kama ilivyo katika kandanda. Bali mchezo mmoja hutaka mwandishi wa programu, mchoraji, mtunzi wa hadithi, mpiga muziki, mtangazaji na mwamuzi.

Mtoto wa mtaa wa kimaskini mjini Kakamega hucheza katika kibanda kwa shilingi chache, na fedha zikiisha, mchezo umekwisha. Vidole vyake ni vyepesi na akili yake ni kali. Akosacho ni mashine ya kujifunzia, intaneti na mwalimu. Hali yake ni ile ya mchimbaji wa mwaka wa 1932: yumo mgodini, lakini mgodi si wake.

Wala usidhani kwamba dawa iko ng'ambo. Mji huu una Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ambamo kompyuta hufundishwa. Una ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zihitajizo kulindwa haraka. Ngoma hiyo haijakatazwa kulia ndani ya mchezo wa kompyuta uliotungwa hapa. Jihadhari tu usichanganye kazi hii na kamari ijifanyayo mchezo, wala usiache hesabu na lugha, maana hizo ndizo sururu za mgodi huu mpya.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ukimaliza kucheza jiulize mchezo ule ulitungwaje. Kisha nenda na wenzako kwa mwalimu mkuu, mwombe kwa adabu kwamba chumba cha kompyuta kisifungwe masomo yanapokwisha.