Msumeno wa Watu Wawili

Watu wa makamo yangu hapa Tunduma tunakumbuka mbao zilivyopasuliwa zamani. Gogo liliwekwa juu ya shimo. Mmoja akasimama juu, mwenzake shimoni, wakavutana msumeno kutwa nzima. Kazi ilikwenda polepole, lakini kila mmoja alikuwa mlinzi wa mwenzake.

Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme, na mwaka 1929 akatoa wa petroli. Kwa uzito wake, nao ulihitaji watu wawili. Mwaka 1950 kampuni yake ikatoa wa mtu mmoja. Hapo mkataji akabaki peke yake. Miaka ya 1970 ikaletwa breki ya mnyororo, kwani ncha ikigonga mti, mashine hurushwa nyuma kuelekea usoni. Breki ikashika nafasi ya jicho la mwenzake.

Ndugu msomaji, naona vijana wetu wa Songwe, ambao wazazi wao nimewafundisha, wakikata bila kofia wala viatu vigumu, na breki imevunjika. Ualimu haustaafu, kwa hiyo huwaambia: tazameni kinachotoka mtini. Mnyororo mkali hutoa chembe nene. Mnyororo butu hutoa unga, na humfanya mkataji akandamize kwa nguvu mpaka achoke. Zima injini, shika tupa, unoe. Tengeneza breki. Kisha usiende porini peke yako. Mashine imemwondoa mtu wa shimoni, haikuondoa haja ya kuwa naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.