Maji ya Buha na Walinzi Wake

Msafiri atokaye Kasulu kwenda Kibondo hupanda na kushuka vilima, na karibu kila bonde alivukalo lina kijito chake. Mvua huanza yapata mwezi wa Oktoba au Novemba, hudumu hata Aprili au Mei, na mahali pengi jumla yake kwa mwaka hupita milimeta 1000. Kwa hiyo wageni hudhani kwamba Waha hawana haja ya kufundishwa habari za maji, maana wanayo tele. Sivyo. Kiangazi ni miezi mitano, na katika miezi hiyo hakuna anywaye mvua. Kila mtu hunywa chemchemi. Mvua nyingi juu ya nchi isiyoweza kuishika ni kama mavuno mengi yaliyotiwa katika ghala inayovuja. Nia yangu ni kueleza jinsi chemchemi hizi zilivyolindwa zamani, jinsi ulinzi ule ulivyolegea, na lile ambalo waalimu na makasisi wanaweza kulirudisha.

Kwanza tutazame njia ya maji yenyewe. Mto mkubwa wa nchi hii ni Malagarasi, ambao wengine huuandika Malagarazi au Muragarazi. Huanza katika milima ya mpaka wa Burundi, nao hauendi ziwani kwa njia fupi. Huelekea kwanza kaskazini na mashariki, hupinda, huingia katika vinamasi vikubwa pamoja na mto Muyovozi, ndipo hurudi magharibi kupita Uvinza hata Ziwa Tanganyika. Ruchugi nao hushuka kutoka vilima vya Kasulu na kukutana na Malagarasi huko Uvinza. Maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga, huingia Kongo, na mwisho hufika bahari ya magharibi. Basi mwanamke achotaye maji katika kibonde cha Kasulu anachota katika mwanzo wa safari ndefu sana ya maji.

Neno la lugha lastahili kutajwa hapa. Katika Kirundi na Kinyarwanda, zilizo ndugu za Kiha, chemchemi huitwa isoko, na neno hilo hilo hutumika kwa chanzo cha jambo lo lote. Mtu akiuliza mambo yametoka wapi, huuliza isoko yake. Watu waliosema hivyo hawakuona chemchemi kuwa tundu la kuchotea tu. Waliiona kuwa asili, na asili ya kitu haikanyagwi ovyo.

Zamani za kale nchi ya Buha iligawanyika katika falme kadha, kama Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, kila mmoja na Mwami wake. Mwami alikuwa na ngoma na ng'ombe, tena alihukumu. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa na watu wake, nao ni abateko, mmoja huitwa umuteko. Hao ndio waliomwonyesha mgeni mahali pa kujenga na kulima, waliokata maneno ya mipaka, na waliofanya ibada kwa ajili ya pepo ambao watu waliamini kwamba hukaa katika miti mikubwa, majabali na maji. Kazi ya umuteko ilikuwa ya mahali pake pale pale. Hakutawala nchi nzima. Alijua kilima chake, kijito chake, na watu wakinywao.

Wenzetu wengine, wakisoma habari hizi, huona ushirikina tu. Ushirikina ulikuwako, wala siutetei. Lakini tuyapambanue mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. La kwanza ni hofu ya pepo. La pili ni kwamba kila maji yalikuwa na mtu aliyeulizwa juu yake. Kichaka kilichoachwa juu ya chemchemi kwa sababu ya hofu kilifanya kazi ile ile ambayo kingefanya kama kingeachwa kwa sababu ya elimu: majani yalivunja nguvu ya mvua, takataka za majani zikayashika maji yasitiririke, mizizi ikayafungulia njia ya kuingia chini, nayo yakatoka polepole wakati wa jua.

Kwamba maji yalikuwa mali yenye wenyewe, wasafiri nao walijua. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akimtafuta David Livingstone, ilimlazimu kupatana kwanza na wenyeji wa Malagarasi juu ya hongo na ujira wa mitumbwi, ndipo avushwe. Na katika kuvuka huko mamba alimkamata punda wake mmoja. Huko Uvinza, chemchemi za maji ya chumvi zimetumika tangu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kama wachimbuzi wa mambo ya kale walivyothibitisha baada ya kuchimba huko mwaka 1967. Watu walikuja wakati wa kiangazi, kwa maana mafuriko ya masika huzifunika chemchemi hizo, wakachemsha maji yale kwa kuni nyingi, na chumvi yake ikachukuliwa mbali.

Sasa tuulize ulinzi huu ulivunjikaje. Haukuvunjika siku moja, wala kwa mkono mmoja. Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria iliyowapa watawala wa kienyeji uwezo wa kuamuru juu ya mambo mengi, na mojawapo lilikuwa kuzuia watu wasichafue vijito. Sheria yenyewe ilikuwa njema, lakini amri ilipita kwa Mwami na watumishi wake, si kwa umuteko. Mwenye kujua kijito akawa hana neno, na mwenye neno akawa mbali na kijito.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Tangu mwaka 1933 watu wengi wa Buha waliondolewa katika makao yao yaliyotawanyika, wakakusanywa mahali pamoja ili mbung'o wasiwafikie. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Lakini nyumba zilizokuwa zimegawana chemchemi nyingi sasa zilibanana penye maji machache, na majirani wapya hawakuwa na mapatano ya zamani juu ya nani achote wapi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa katika Tanganyika yote. Mwaka 1972 watu wa mkoa wa Kigoma walianza kuhamishwa tena kwenda vijiji vya ujamaa, vilivyopangwa ili shule, zahanati na barabara ziwe karibu nao. Mara mbili katika muda wa miaka 40, mtoto aliyeonyeshwa chemchemi na babu yake aliiacha nyuma.

Tena nchi hii imepokea wageni wenye shida. Warundi walikimbilia huku mwaka 1972, na tena 1993. Wakongo walifuata 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika Kasulu, kambi ambayo baadaye ilihifadhi watu zaidi ya 100,000. Mwaka 2015 kambi ya Nduta ilifunguliwa tena katika Kibondo, na Mtendeli mwaka 2016, hata ikafungwa 2021. Asiye na kuni hapiki, naye hukata mti ulio karibu. Haifai kuwalaumu wakimbizi kwa hilo. Wenyeji nao hukata miti kwa ajili ya matofali, mkaa na mashamba. Lakini kilima kilichovuliwa miti hakiulizi ni nani aliyekivua.

Sheria za leo zipo. Mwaka 2000 nchi ya vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, zaidi ya hekta milioni 3, iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa mahali pa kwanza pa Tanzania kuingia humo. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza kazi za kudumu, au zile ziwezazo kudhuru, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au wa ziwa. Lakini meta 60 hazijilindi zenyewe. Zahitaji mtu wa mahali pale pale, kama alivyokuwa umuteko, pasipo kafara zake.

Mambo ya kufanya si mageni. Msitu ulio juu ya chemchemi uachwe, na ulipokatwa, ipandwe miti ya asili kama mikuyu; mikaratusi ikae mbali, kwa maana hunywa maji mengi. Shamba la mteremko lilimwe kwa matuta yanayokata kilima, na mistari ya majani iachwe kati yake. Migomba na kahawa zitandazwe majani makavu, ili udongo usipigwe na mvua wala kukaushwa na jua. Mafunjo ya bondeni yasichomwe yote kwa ajili ya bustani, kwa kuwa ndiyo yazuiayo matope yasifike mtoni. Tena pawe na utaratibu wa kuchota: maji ya kunywa juu, ng'ombe chini yake, na kufua nguo chini zaidi, mbali na mkondo. Nabii Ezekieli alikwisha kuwakemea kondoo wanenepao ambao hunywa maji safi, kisha huyavuruga kwa miguu yao yale yanayosalia kwa wenzao.

Mwalimu aweza pia kuwapa wanafunzi hesabu hii: paa la shule lenye meta za mraba 100, mvua ikiwa milimeta 1000 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Hata kama sehemu hupotea, mtoto atajua kwa nini mfereji na tangi ni mali. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, nasi tusidharau kilicho kidogo.

Kwetu sisi tulio na kazi ya kufundisha, neno kubwa ni hili. Mtu aliyeondolewa hofu ya pepo asipopewa wajibu mahali pa hofu, atakata kichaka kesho yake akidhani amepata uhuru. Kwa hiyo afundishwaye kwamba hakuna pepo katika mkuyu afundishwe siku iyo hiyo kwamba yuko jirani chini ya mkuyu, naye hunywa. Kila kanisa na kila shule ichague chemchemi moja, iwawekee wazee wawili au watatu walinzi wake, na kila mwaka kabla ya mvua ikapande na kusafisha. Wazee waulizwe pia jina la chemchemi, likaandikwe katika daftari la shule, maana majina mengi yanakufa pamoja na wazee wenyewe. Isaka alipovichimbua tena visima vya Ibrahimu babaye, vilivyofukiwa, aliviita kwa majina yale yale ambayo babaye aliviita.