Milimita Nane Zilizodaiwa na Nyati

Kutoka Kibagabaga hadi Hifadhi ya Akagera ni mwendo wa saa chache kwa gari, na familia nyingi za Kigali zimeshamwona nyati wa huko amesimama katikati ya njia, habanduki. Mnyama wa jamii hii ndiye aliyeumbua hesabu za kiwanda kikubwa cha risasi cha Marekani.

Kabla ya viwanda, mwindaji alijipimia mwenyewe. Mwenye gobore alimimina baruti mtutuni kwa makadirio ya mkono wake, akaishindilia, akatia goroli, kisha fataki. Bunduki hizo zilienea bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani, na Mirambo wa Unyamwezi alizijengea dola. Rwanda ya Mwami Rwabugiri iliwafungia mlango wafanyabiashara wa pwani, kwa hiyo jeshi la Rwanda lilipopambana na kikosi cha Wabelgiji pale Shangi, mwaka 1896, silaha yake kubwa ilikuwa mkuki na upinde. Likashindwa vibaya. Miaka sita kabla ya hapo, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umebana uingizaji wa bunduki za kisasa Afrika. Gobore za kizamani zikaachwa zipite, na Tanzania bado ina mafundi wanaozijua.

Wawindaji wa Kizungu walikuja na risasi za ganda, zilizojazwa kiwandani, na imani yao yote ikawa ndani ya ganda wasiloweza kulichungulia. W.D.M. Bell, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wakiwemo wa Karamoja nchini Uganda (idadi inayouma kuisoma leo), alipenda bunduki ndogo ya milimita 7. Alizisifu risasi zake za Kijerumani kwa sababu hazikuwahi kumkatalia.

Mwaka 1956 kiwanda hicho cha Marekani, Winchester, kilitoa risasi ya .458, na bunduki iliyotoka nayo ikaitwa African. Ilikuwa nafuu kuliko bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, nayo ikaenea haraka. Kiwanda kiliahidi kichwa cha gramu 32 kiendacho mita 650 hivi kwa sekunde. Tatizo lilikuwa ganda: lilifupishwa hadi milimita 63.5 ili liingie katika bunduki za kawaida, na baruti ikalazimika kushindiliwa mno. Ilipokaa muda mrefu iligandamana ikawa madonge, ikaungua vibaya, na risasi ikatoka ikiwa imepungukiwa nguvu. Kwa swala, upungufu huo ungesameheka.

Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akiwa na .458 mkononi. Hakurudi kuomba kiwanda kimrekebishie. Mwaka 1971 alichukua ganda la .375 H&H, risasi ya Kiingereza ya mwaka 1912, akalifanya libebe kichwa kilekile cha .458. Ganda lake lilikuwa na milimita 71.1, karibu milimita nane zaidi. Baruti ikapata nafasi ya kupumua, na kasi ikafika mita 700 kwa sekunde.

Risasi isiyouzwa dukani, kama ilivyokuwa ya Lott wakati huo, hujazwa na mwenyewe, ganda moja baada ya jingine. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wanaojijazia risasi. Kila kipimo cha baruti kinapitishwa kwenye mizani, kila kichwa kinakalishwa kwa kina kilekile, kwa sababu risasi zikitofautiana kasi, zitatofautiana pia mahali zinapotua. Ni uangalifu wa mwenye gobore, safari hii ukiwa na mizani.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania iliendelea nao, na sheria yake haimruhusu mtu kumwendea nyati na bunduki iliyo chini ya .375. Winchester nayo ilirekebisha baruti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 risasi ya Lott ilianza kuuzwa madukani, na bunduki yake ina faida moja ambayo mtu wa porini huithamini sana: risasi za Lott zikimwishia, ile .458 fupi ya Winchester inaingia humo humo na kufyatuka.